Namba Iliyoandikwa Mbolea

Mimi majina hayanipotei. Ukiniuliza nani walibatizwa siku moja na kifungua mimba wangu, nitakutajia wote, na wasimamizi wao, na yupi alilia na yupi alilala usingizi mpaka maji yakamgusa. Wanawake wa jumuiya yetu wakikwama jina la marehemu katikati ya sala, wananigeukia. Hapa sitayaandika majina hayo, maana wenyewe wengi wapo na tunashikana mikono kila Jumapili, na haya ni mambo ya nyumbani. Nataka tu ieleweke kwamba kwenye habari hii ya simu tatizo langu halikuwa kusahau. Binti yangu wa mwisho ninalo jina lake la ubatizo, la ukoo, na lile la utani tulilompa akiwa anatambaa. Simu haikuniuliza hata moja. Simu inataka namba, na namba kichwani mwangu hazikai. Shule niliishia darasa la nne.

Binti huyo aliacha ndoa. Ilikuwa ndoa ya kanisani, kule Msanzi, kwa watu wenye mashamba na heshima yao. Sitasema aliyoyakuta huko, aliniambia mimi tu. Akashuka ziwani, Kirando, akaanza kuanika dagaa, na huko akapata mwanaume mwingine. Mume wangu ni mtu wa kanisa tangu kijana. Habari ilipomfikia alisema mtoto huyo asikanyage hapa mpaka arudi kwa mume wake, na jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii. Alisema mara moja, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, akaendelea kula. Basi likawa halitajwi. Hata kaka zake wakija wanasema "yule wa chini", wakionyesha kwa kidevu upande wa ziwa.

Namba yake niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa akileta dagaa kutoka Kirando, akiuza hapa kwetu Kizwite karibu na mashine ya kusaga. Siku hiyo nilikuwa nabishana naye bei, akaniangalia sana usoni, akaniambia dagaa hawa wameanikwa na mtoto wako, mmefanana mpaka pua. Nikaacha kubishana. Nikampa simu yangu, nikamwomba aniandikie namba humo.

"Niandike nani?" akauliza.

"Andika Mbolea."

Hakuniuliza kwa nini. Msimu ule nani hakuwa na Mbolea kwenye simu? Tulikuwa tunaandikishwa mbolea ya ruzuku, ujumbe unaingia kila mara, kila mtu ameseva wakala, afisa ugani, kijana wa ghala, wote Mbolea. Mume wangu ana kitochi chake, kisimu cha vitufe, lakini simu yangu huwa anaishika, kutazama saa au kuona nani amepiga. Nikasema jina hilo halitamsimamisha macho.

Sikupiga. Nilikuwa naitoa namba, naitazama, naona nikipiga nitakuwa nimeongea na mtoto kwa kumficha baba yake, halafu jioni nitamtengea huyo baba ugali kwa uso gani? Na yeye, ingawa yangu anayo tangu zamani, hakupiga. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, anayesoma chuo hapa mjini na kulala kwetu wikiendi, ndiye aliyeniwekea wasapu, nipate matangazo ya jumuiya, zamu ya sala iko kwa nani, msiba uko wapi. Akanifundisha na stetasi. Unapiga picha ya kitu, unakiweka, halafu unabonyeza alama ya jicho unaona nani wamekitazama.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa boga. Nilipobonyeza jicho nikaona wanawake wa jumuiya, nikamwona mwanangu mkubwa, na katikati yao Mbolea. Nikafikiri ni wakala. Lakini wakala ameweka picha ya mfuko, na yule wa ghala amejipiga amesimama kwenye gari la mtu. Huyu alikuwa hana uso, ile alama ya kijivu tu ya kichwa na mabega. Ndiye.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa picha. Nikipepeta ulezi, napiga. Kuku akitotoa, napiga. Mume wangu akasema nimekuwa kama watalii. Yule asiye na uso alikuwa anatazama kila picha, mara nyingine ndiye wa kwanza, kabla hata ya mwanangu. Hakuandika neno, nami sikuandika. Lakini nilikuwa najua yu hai, ana chaji, ana bando, na ameona boga la mama yake. Hayo yalinitosha, au nilikuwa nimeyazoea mpaka nikayaona yananitosha.

Basi simu ile ikaanza kuvimba tumbo. Mfuniko wa nyuma ukawa haufungi, nikaufunga kwa mpira. Mwanangu mkubwa yuko Dodoma, akaona tunapoongea kwa picha sura yangu inakatika, akatuma simu mpya kwa basi. Nyembamba, nyeusi, inateleza kama sabuni. Mjukuu akaja Jumapili baada ya misa, akasema leo tunakuhamisha, bibi.

Akaziweka simu mbili mezani, zimelala ubavu kwa ubavu. Mume wangu akasogeza kiti chake. Mjukuu akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaniambia picha, namba, wasapu, vyote vitatoka huku viingie huku, tena hewani, hakuna waya. Mimi nilivyoelewa ni kama kumimina ulezi kutoka ungo mmoja kwenda mwingine, nikauliza sasa hii ya zamani ikibaki tupu tutaifanyia nini.

"Haibaki tupu, bibi. Vinabaki na humo humo."

"Si umesema vinahama?"

"Vinahama, lakini na huku vinabaki."

"Sasa huko ni kuhama gani?"

Mume wangu akacheka, akasema hata yeye angependa kuhama hivyo, alale huku na huko. Mjukuu akamwambia, "Babu, wewe una kitochi, tulia." Babu yake akasema mke mdogo ameanza dharau. Wanataniana hivyo siku zote, nami huwa natia langu kwamba mke mwenzangu kupika hajui. Siku hiyo sikutia. Nilikuwa bado naliwaza lile la kuhama na kubaki. Picha ni ile ile moja, boga ni lile lile moja na tulishalila, sasa itakuwaje liko huku na huku kwa wakati mmoja? Nikaona ni mambo ya kukubali tu, kama mengine ya dini.

Kabla ya kuanza, mjukuu akasema tusihamishe takataka. Simu yangu ina namba nyingi zisizo na kazi, atanisomea moja moja, nimwambie za kubaki na za kufuta. Akazichukua simu zote mbili akaziweka mapajani, akaanza kusoma kwa sauti.

Mume wangu alifurahi. Alikaa vizuri kama mzee wa baraza. Ikitajwa fundi baiskeli, mimi nasema alishakufa, yeye anasema acha, laini yake anaitumia mjane. Ikitajwa dada wa nyanya, anauliza huyu si ndiye alitupunja? Futa. Mjukuu anafuta. Nilianza kuona wanakoelekea. Tulikuwa kwenye F, tukaingia J, nami sina hata neno mdomoni. Ningesema nimechoka. Ningesema naumwa kichwa. Kila nikifungua mdomo naona mume wangu ananitazama kwa furaha, anasubiri jina linalofuata.

"Mbolea," mjukuu akasoma. "Mbolea afisa. Mbolea ghala. Mbolea afisa. Bibi, una Mbolea nne, za nini zote hizi?"

"Hao ni wa msimu ule," mume wangu akasema. "Wakala alishahama, afisa amebadilishwa. Futa wote."

"Bibi?"

Kama ningesema acha, angeuliza acha upi. Kama ningesema ule wa kwanza, babu yake angeuliza una nini. Nikasema, "Babu yako ameshasema."

Hapo ndipo nilipojipa moyo kwa lile nililoambiwa. Nikasema moyoni, vitu si vinabaki huku na huku? Basi na kufuta ni hivyo hivyo, anafuta kwenye moja, nyingine itabaki nayo. Simu zilikuwa zote mapajani, sikuona anabonyeza ipi. Nikaomba iwe mpya. Tena nikaona ina mantiki, maana mtu unafagia nyumba unayohamia, hufagii unayohama. Kisha zikaanza kuhamisha, kikatokea kiduara kinazunguka, tukakitazama wote watatu mpaka chai ikapoa.

Jioni mjukuu alipokwenda kuoga nikaichukua ile ya zamani, nikaenda nayo chumbani. Picha zote zipo, boga lipo, kuku wapo. Nikaingia kwenye majina, nikatafuta M kwa kidole, polepole. Mama mkubwa, Mashine, Mchungaji wa ng'ombe, Mwalimu. Mbolea hakuna. Nikaichukua mpya. Mama mkubwa, Mashine, Mchungaji wa ng'ombe, Mwalimu. Zimefanana kama mapacha. Kitu kimoja tu ndicho kilichokubali kuhama kweli kweli, na sikujua kimehamia wapi.

Kesho yake nikapiga picha ya shamba letu la nyuma, matuta yamekaa vizuri, majani yamefukiwa tunavyofanya huku, nikaweka. Nikabonyeza jicho. Wanawake wa jumuiya, mwanangu, mjukuu. Nikasubiri mchana, nikabonyeza. Nikasubiri jioni. Nikaweka nyingine, ya mvuke wa chungu, ilikuwa nzuri sana ile. Yule asiye na uso hakutokea.

Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Nilikuwa nadhani namba ni kama ufunguo wa kupigia tu, usipopiga huhitaji. Kutazama ni macho yake, simu ni yake, bando ni lake, namba yangu anayo. Kufuta kwangu kunamzuia vipi yeye kuona? Nikaanza kusema labda si kufuta. Labda ziwa limechafuka. Labda anaumwa, labda ameuza simu, labda amechoka na maboga yangu. Nilikuwa nikisonga ugali nasimama, mpaka unashika chini. Sikujua kama kilichopotea ni namba au ni mtoto.

Nikaenda pale penye mashine ya kusaga kumtafuta mama wa dagaa. Kwenye meza yake nilimkuta binti anauza mitumba ya watoto, akaniambia yule alimfuata mumewe Mpanda zamani tu. Namba yake hana. Nilimshukuru, nikanunua kofia ya mtoto nisiyokuwa na mtoto wa kumvisha.

Mjukuu aliporudi wikiendi nilimvizia akiwa anafua. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayepitisha muda, mtu akifutwa kwenye simu ya mwenzake, yeye huko alipo anajuaje?

"Hajui, bibi. Hakuna kinachomwambia."

"Na stetasi?"

"Ukimfuta haiendi kwake tena. Anaona tu kimya, kama vile umeacha kuweka."

"Kwa hiyo kwake mimi ni kama sipo."

Akaacha kufua. Povu limemjaa mikononi, akanitazama. "Bibi, nimemfuta nani?"

Nikamwambia. Nilitaja jina la shangazi yake, pale nje kwenye kamba ya nguo, kwa sauti ya chini. Alijifuta mikono kwenye sketi, akachukua simu zote mbili, akakaa nazo chini ukutani. Alitafuta muda mrefu. Aliniambia kuna namba zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye barua pepe, hizo zikifutwa zinakaa mahali kwa muda, unaweza kuziokota. Wakala akamwokota, afisa akamwokota. Lakini ile moja iliandikwa kwenye laini, na za laini zikifutwa ndiyo basi. Nikamwambia laini si hii hapa, tumeitoa kwenye simu ile tukaitia kwenye hii, laini ni ile ile, sasa iweje isahau? Akasema ndivyo ilivyo. Nikamuuliza wanaotengeneza laini hawakuwaza watu kama sisi? Akaanza kulia, nikaona nimemwonea, nikamwambia malizia kufua, jua linakwenda.

Alitaka kwenda Kirando mwenyewe kuuliza. Nikamkataza, ana mitihani, na babu yake angetaka kujua anafuata nini ziwani. Kumuuliza mwanangu mkubwa tulijaribu, kwa maneno ya kuzunguka. Hana. Hakuna aliyekuwa nayo. Kumbe katika nyumba nzima yenye simu ni mimi tu nilikuwa nimeishika, tena nimeishika kwa jina la uongo.

Nikaacha kuweka picha. Sikuona za nini. Wanawake wa jumuiya wakauliza kama simu mpya haina kamera.

Mvua za kwanza zilikuwa zinasuasua. Siku ile ilikuwa mchana, baridi ya hapa kwetu na upepo wake, tumekaa barazani na mume wangu tunachambua maharage ya mbegu, ungo uko katikati yetu. Simu ikalia. Nikatazama, namba tupu, haina jina. Nikaiacha. Mjukuu ametufundisha namba usiyoijua usipokee, ni matapeli, watakuambia mtoto wako amepata ajali utume hela. Ikanyamaza. Ikalia tena.

"Pokea," mume wangu akasema. "Huenda ni msiba."

Nikapokea. Upande wa pili ulikuwa upepo tu, halafu mwanamke akasema kwa Kiswahili cha ofisini kabisa, "Samahani, hii simu ni ya nani?"

"Wewe uliyepiga ndiye useme," nikamjibu, nilivyofundishwa.

Nikasikia upepo tena. Nilikuwa karibu kukata. Akasema anamuulizia mama mmoja mwenye simu hii, alikuwa anaweka picha, za kuku, za shamba. Sasa ni muda haoni kitu. Akasema labda simu imechukuliwa na watu wengine baada ya... Hakumaliza.

Sauti ile sikuijua. Ilikuwa nzito, ya mtu anayeshindana na upepo kila siku, na yeye yangu hakuijua, nadhani ile simu mpya inabadilisha. Lakini ule mtindo wa kuanza neno akaliacha njiani, huo niliujua tangu akiwa na meno mawili. Nikamtaja jina. Si la ubatizo, lile la utani. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, pale barazani, mbele ya baba yake.

"Mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Sijafa."

Akacheka au akalia, sijui, upepo ulikuwa mwingi. Akasema alikuwa hana wa kumuuliza. Alisema kila siku anafungua simu asubuhi kabla ya kugeuza dagaa, anaona wengine, mimi simo, akawa anaogopa kupiga asije akapokea mtu mwingine. Nikataka kumweleza habari ya kuhama na kufuta, nikaanza na ile simu kuvimba tumbo, nikafika kwenye meza, salio lake likaisha, simu ikakatika.

Nikaiweka simu kwenye kanga. Mume wangu alikuwa ameshika harage moja, hajalitupa upande wa mbegu wala upande wa kula.

"Amesemaje?" akauliza.

"Alidhani nimekufa."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia bado."

Akaliweka harage upande wa mbegu, ingawa lilikuwa limetobolewa. Akauliza kwa nini mtu adhani hivyo. Nikamwambia namba yake ilikuwa humu, ndiyo ile ya Mbolea, ya kwanza kati ya zile nne.

"Niliyosema ifutwe."

"Hiyo."

Akachambua, akapepeta kwa mdomo, akachambua tena. Jirani akapita na jembe, wakasalimiana, akamuuliza jirani ameshapanda, jirani akasema anaogopa mvua hii ya kudanganya. Jirani alipokwenda zake, mume wangu akasema bila kuniangalia, "Muulize kama huko chini kwao imeanza."

Nikaichukua simu. Kioo kilikuwa cheusi. Nilikipapasa kikawaka, kikaleta saa, kikaleta ile picha ya mlima iliyokuja nayo kutoka dukani. Namba isiyo na jina, ikishamaliza kulia, inakwenda kukaa wapi? Kwenye simu ya zamani ningejua, palikuwa na alama ya kijani chini kona ya kushoto. Huku nikabonyeza ya kijani ikafunguka wasapu. Nikarudi. Mjukuu yuko chuo. Mume wangu akajifuta vidole kwenye suruali, akatoa miwani mfukoni, akahamia upande wangu wa ungo, vichwa vyetu vikakaribiana juu ya kile kioo.

"Usibonyeze ovyo," akasema. "Utamfuta tena."